Kitambaa cha Spika

Halfani aliuliza mara mbili kama amplifaya ilikuwa ya nyumbani au ya biashara, na mara zote mbili Ebenezer alijibu upesi kuliko ilivyohitajika.

"Ya nyumbani," alisema. "Ya sebuleni tu. Mimi na mama Violeth."

Mama Violeth, yaani Evelina mkewe, alikuwa amesimama nyuma yake kidogo, mkoba ameukumbatia kifuani. Ndani ya mkoba mlikuwa na bei ya ndama wake. Hakuwa amezoea maduka ya namna ile. Miaka michache nyuma duka hilohilo lilikuwa na rafu tupu, na watu walipanga foleni nje kusubiri sabuni. Sasa vitu vilikuwa vimepangwa hadi darini, vingi vyeusi, vingi vimetoka Dubai, vingine bado vimevaa nailoni zake.

Halfani aliweka mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya Kijapani, imeshatumika, uso wake wa rangi ya fedha na ubavuni imepigwa mbao. Alisema haikuwa na wati nyingi, lakini wati zake zilikuwa za kweli, na kwa spika walizomweleza ingetosha sebule yoyote Dodoma nzima. Ya pili ilikuwa mpya na nyeusi, nzito hata akaisukuma badala ya kuinyanyua. Ilikuwa na taa za kijani za kupanda na kushuka, na mbele ilikuwa na matundu mawili ya maiki.

"Hii ni ya mwenye ukumbi," alisema. "Sikukatazi, mzee, mimi nauza. Lakini sebuleni hutaifungua hata robo."

Ebenezer alisema fundi wake, Thobias wa Kizota, alikuwa amemweleza kwamba amplifaya ndogo ikilazimishwa ndiyo inayounguza spika.

"Ikilazimishwa, ndiyo," Halfani alikubali. "Sasa sebuleni utailazimisha kwa ajili ya nani?"

Evelina alikuwa ameipenda ile ya mbao. Aliiona tayari juu ya kabati lake la vyombo, imekaa kama iliyozaliwa pale. Alitaka kusema, lakini akamtazama mumewe. Ebenezer alikuwa akizungusha kitufe cha ile nyeusi, taratibu, ingawa haikuwa na umeme, kichwa amekiinamisha kana kwamba anasikiliza. Uso ule Evelina hakuwa ameuona tangu shirika alilokuwa akifanyia kazi mumewe lilipopunguza watu na kufunga klabu yao ya wafanyakazi. Ebenezer alikuwa amepata ofisi nyingine, lakini klabu hakuipata. Zile spika mbili zilikuwa za klabu. Alizinunua siku mali za shirika zilipopigwa mnada, akazileta nyumbani kwao Miyuji kwa mkokoteni, na tangu hapo zilisimama sebuleni bila kutoa sauti. Yeye mwenyewe alikuwa akishinda ofisini na kumalizia jioni Kizota, kwenye bia.

Siku moja, bila ugomvi wowote, alimwambia mkewe, "Ningekuwa na muziki nyumbani, huko nje ningefuata nini?"

Evelina aliichukua sentensi ile akaiweka moyoni. Aliifikiria akiwa kwenye cherehani yake, akishona sare za shule, aliifikiria kanisani. Mwishowe alikwenda Mvumi kwa kaka yake, Matonya, akamwomba amuuze ndama ambaye mama yao alimpa Evelina kabla hajafariki, na ambaye Matonya alikuwa akimfuga pamoja na ng'ombe wake.

"Hizo maiki ni za nini?" aliuliza sasa, kwa sauti ndogo.

Ebenezer alicheka. Akamgeukia kabisa, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya watu kwa muda mrefu. "Si unaimba kwaya wewe? Siku moja utaniimbia."

Evelina aliona haya mbele ya Halfani, akatazama chini. Kisha akafungua mkoba.

"Tupe hii nyeusi," alisema.

Thobias alikuja Jumapili baada ya ibada kuunganisha nyaya. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono miepesi. Alieleza waya mwekundu unakwenda wapi na mweusi wapi, na kwa nini haifai kuiwasha amplifaya kabla spika hazijafungwa. Evelina alimpikia ugali wa uwele na mlenda na kuku, naye alikula akisifu kila tonge.

Zilipowaka, sauti iliwafanya wote watatu wanyamaze. Haikuwa kubwa, Ebenezer alikuwa amefungua kidogo tu, lakini gitaa la besi lilipita chini ya meza na vikombe vikalia kabatini. Thobias alimtazama Ebenezer, Ebenezer akamtazama Thobias, wakatabasamu kama watu wenye siri nzuri. Evelina alidhani siri ile ilikuwa furaha tu, naye akatabasamu pamoja nao.

Kasoro ilikuwa moja. Vitambaa vya mbele ya spika vilikuwa vimechanika kwa miaka ya klabu, vimetobolewa na sigara. Ebenezer alivitazama mara kwa mara. Kesho yake Evelina alishusha mapazia ya sebuleni, yale ya kijani yenye maua meupe aliyoyashona mwenyewe, akakata sehemu ya chini akafunika spika zote mbili. Alivuta kitambaa kikakaza, akakishona kwa mkono nyuma ya fremu kwa uzi mara mbili. Mapazia yalirudi dirishani yakiwa mafupi, na chini yake pakabaki uwazi wa kama kiganja.

"Mama Violeth, siku hizi tunawaona mpaka sahani," jirani yake Erica alimtania. Evelina alicheka, lakini tangu siku hiyo alihama kiti cha karibu na dirisha.

Majuma yaliyofuata alikuwa mwenye heri. Binti yao wa pekee, Violeth, alikuwa shule ya bweni Kondoa, na nyumba ilikuwa ya watu wawili. Ebenezer alirudi jua likiwa bado juu ya paa za jirani, mkate mkononi. Alivua viatu, akachagua kanda, akakaa kwenye kiti chake amezielekea spika. Kwa kuwa kelele ya cherehani iliharibu muziki, Evelina aliacha kushona jioni. Sare za watu zilirundikana kikapuni. Aliwaomba radhi wenyewe, zikazidi kulala. Alikaa karibu na mumewe mikono ikiwa mapajani, hajui aifanyie nini.

Ebenezer alipenda kusimulia. "Hapa," alisema wimbo ulipofika mahali fulani, "hapa ndipo Batholomeo wa uhasibu alipokuwa anainuka. Hata awe amekata tamaa vipi, hapa anainuka." Kisha aligeuza shingo kutazama sebule, kidogo tu, na macho yake yalipita juu ya meza, kabati, mapazia na mkewe, yakarudi kwenye taa za kijani.

Siku nyingine Evelina alithubutu kuweka kanda ya kwaya yake. Ebenezer alisikiliza wimbo mmoja kwa heshima, akasema wameimba vizuri, akaibadilisha.

Kisha spika ya kushoto ikaanza kuunguruma, kwa maneno ya Ebenezer. Evelina hakusikia mngurumo wowote, lakini hakuwa mtu wa kubishana kuhusu mambo ya umeme. Thobias alikuja na mkokoteni wakati Evelina yuko mazoezi ya kwaya. Vikaenda Kizota vyote, spika, amplifaya na deki ya kanda, kwa sababu, Ebenezer alieleza, ugonjwa wa kimoja hujulikana kwa kuvipima vyote pamoja. Jioni ile hakurudi mapema. Alikwenda kumsimamia fundi. Kesho yake pia alikwenda kumsimamia.

Matonya alifika bila taarifa, mguu umejaa vumbi, akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alibisha hodi kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na Evelina akatoka mbio kumpokea kama alivyokuwa akitoka utotoni.

Kwao ng'ombe aliyewekwa kwa ndugu hutembelewa. Mwenye mali huja, humtazama, humgusa mgongo, huuliza amezaa nini. Zamani Evelina ndiye aliyekwenda Mvumi kumtazama ndama wake. Sasa Matonya aliona ni zamu yake.

"Nimekuja kumwona ndama wetu," alisema baada ya maji, akitazama huku na huku sebuleni. "Nimewaambia nyumbani kwamba siku hizi analia kwa bendi nzima. Yuko wapi?"

Evelina alisema yuko kwa fundi.

"Anaumwa?"

"Kidogo. Spika moja."

"Ameondoka lini?"

Evelina alipomwambia, Matonya alicheka taratibu ili asimwaibishe. "Basi amekwenda machungani, huyo."

Evelina alicheka naye, akainuka kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Matonya alikula, akaulizia habari za Violeth, hakurudia jambo lile mpaka alipokuwa mlangoni anaaga. Hapo alimshika dada yake bega.

"Mimi sijui mambo ya redio. Ila ng'ombe, mtu anaweza kumweka hata boma la mbali, akanywewa maziwa na wengine, si vibaya. Lakini mwenyewe anaambiwa."

Evelina alikuwa na alizeti ya kukamua, na mashine za kukamua ziko Kizota. Ndivyo alivyojiambia alipoondoka nyumbani alasiri ile na mfuko kichwani: anakwenda kukamua alizeti. Aliuacha mfuko mashineni, akasogea mpaka kibanda cha Thobias, katikati ya wachomea vyuma na mafundi seremala.

Thobias alikuwa amefungua redio ya mtu. Alipomwona alisimama haraka mno.

"Mama Violeth. Karibu, karibu kiti."

"Nimepita tu. Ya kwetu inaendeleaje?"

"Ya kwenu..." Thobias aliokota bisibisi, akaiweka, akaiokota tena. "Ya kwenu bado kidogo. Tunasubiri spea ije kutoka Dar."

Evelina alitazama rafu zake. Palikuwa na redio, pasi, na feni isiyo na mapanga. Spika zake zilikuwa na urefu wa kumfika mtu kiunoni. Hazikuwa kitu cha kufichika nyuma ya feni. Na wakati huohuo, kutoka mtaa wa nyuma, gitaa la besi lilianza, likapita kwenye bati za kibanda, na misumari ndani ya kopo la Thobias ikatetemeka. Aliujua wimbo ule. Aliijua mpaka ile sehemu ambayo Batholomeo wa uhasibu huinuka.

Thobias alipandisha sauti, akaanza kueleza kwamba hizi spea siku hizi ni tabu, za bandia zimekuwa nyingi. Evelina alimwacha amalize, kwa kuwa alikuwa mtu aliyekula kwake. Kisha alimshukuru, akaufuata muziki.

Njiani aliandaa maneno. Hakuwa mtu wa maneno makali, na kila alilolipata lilionekana kubwa kuliko mdomo wake. Alijua tu kwamba huko mbele kuna mwanamke, na kwamba mwanamke huyo lazima atakuwa kijana, amejipaka rangi, naye Evelina atasimama mbele yake na makapi ya alizeti kwenye kanga.

Ilikuwa baa ndogo yenye uzio wa matete na viti vya mbao vilivyopakwa rangi mpya. Aliziona kabla hajaingia. Zilisimama mwisho wa uwanja, moja huku na nyingine kule, zimevaa pazia lake la kijani lenye maua meupe. Katikati, juu ya meza, taa za kijani zilipanda na kushuka. Nyuma ya meza alikaa Ebenezer, amekunja mikono ya shati, sanduku la kanda mapajani. Alikuwa anacheka na mtu. Mbele yake, waya wa maiki ulikuwa umechomekwa kwenye tundu.

Mwanamke aliyemjia alikuwa mtu mzima wa rika lake, mnene kiasi, amefunga kitambaa cheusi cha mjane.

"Karibu mama, kaa. Nikuletee soda?"

"Mimi ni mama Violeth," Evelina alisema.

Uso wa yule mwanamke ulifunguka. "Ndiye wewe? Mimi Dorkasi. Jamani, nilikuwa nasema kila siku, huyu mama mbona haji kuona kazi yake?" Akamshika mkono kwa mikono miwili. "Asante, mwenzangu. Kabla ya chombo chako hapa walikuwa wanakaa nzi. Nilimwuliza baba Violeth tangu mwanzo, mwenzio amekubali? Mimi sitaki matatizo na mke wa mtu. Akaniambia, ameichagua yeye mwenyewe, dukani, kwa mkono wake."

Evelina alitafuta uongo katika sentensi ile, hakuupata.

Maneno yote aliyoyaandaa yalikuwa ya mwanamke mwingine, na mwanamke mwingine hakuwepo. Palikuwa na mjane anayeuza bia na wateja wake, baadhi yao nyuso alizoziona zamani kwenye sherehe za shirika. Mmoja, mzee mwenye upara, aliinuka wimbo ulipofika mahali pake, akaanza kucheza peke yake kwa hatua ndogondogo. Ebenezer alimpigia makofi. Alipoinua macho ndipo alipomwona mkewe.

Hakukimbia wala hakukasirika. Alipunguza sauti, akaja, akasimama mbele yake kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Nilitaka kukwambia," alisema.

"Inauma wapi spika?"

Ebenezer alianza kushusha mikono ya shati.

"Huyu mama anakulipa?"

Dorkasi alijibu kwa niaba yake, sasa kwa wasiwasi, akimtazama mmoja na mwingine. Alisema walikubaliana bia zake za jioni na nyama, basi. Mwenyewe hakutaka zaidi. Kisha alirudi nyuma, akajifanya anafuta meza iliyokwishafutwa.

"Uliniambia ukiwa na muziki nyumbani hutatoka," Evelina alisema.

"Nilijaribu."

"Ulijaribu nini? Niliacha kushona. Niliuza ndama wa mama."

Ebenezer alitazama mikono yake. Aliposema, alisema kwa upole, na upole huo ndio Evelina aliokuja kuukumbuka baadaye kuliko hasira yoyote. "Mama Violeth, pale nyumbani muziki unalia peke yake. Muziki unataka watu."

"Mimi nilikuwepo."

"Najua," alisema Ebenezer.

Mteja mmoja aliomba sauti ipandishwe. Mtu mwingine akamwambia anyamaze. Evelina alisikia vyote viwili, na alijua wanamtazama. Alifungua mkoba wake, akatoa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, ule asioachana nao, akaenda mpaka kwenye spika ya kushoto. Alipiga magoti kwenye vumbi. Nyuma ya fremu uzi wake ulikuwa bado imara, mara mbili, kama alivyoushona. Aliukata pole pole, tundu baada ya tundu, asije akachana kitambaa. Alipomaliza ya kushoto alihamia ya kulia. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemzuia. Dorkasi alileta kigoda akakiweka karibu naye, lakini Evelina hakukikalia.

Vitambaa vilipotoka, spika zilibaki wazi, karatasi zake nyeusi zikitetemeka kwa wimbo uliokuwa unaendelea chini chini. Evelina alivikung'uta, akavikunja mara nne, akaviweka kifuani.

"Na vyombo vyenyewe?" Ebenezer aliuliza.

Evelina alitazama ile amplifaya nyeusi. Ya mbao angeweza kuibeba kichwani mpaka Miyuji.

"Ile ni nzito," alisema, akaondoka. Alikuwa ameshafika mbali alipokumbuka alizeti yake, akarudi mashineni kuichukua.

Kesho yake alifua vitambaa mara tatu kutoa harufu ya nyama choma. Vilipokauka aliviunga chini ya mapazia. Rangi haikulingana tena, kwani jua la Kizota lilikuwa limevifubaza, na mshono ulionekana. Lakini mapazia yalifika chini ya dirisha. Alivuta kiti chake, akakirudisha mahali pake pa zamani penye mwanga, akaanza na sare iliyokuwa juu kabisa kikapuni.

Jua lilikuwa bado juu ya paa za jirani aliposikia hatua. Alizijua. Ebenezer aliingia na mkate mkononi, akavua viatu, akakaa kwenye kiti chake kilichoelekea ukuta ambao sasa haukuwa na kitu. Evelina hakuacha kushona. Miguu yake iliendelea kukanyaga, sindano ikaendelea kushuka na kupanda, na kelele ya cherehani ilijaa sebule nzima, mpaka vikombe vikalia kabatini.

"Mama Violeth," alisema Ebenezer. Kisha akasema tena, kwa sauti ya juu zaidi, "Simamisha kidogo, tuongee."

Evelina aliweka kiganja juu ya gurudumu. Cherehani ikanyamaza. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, na alijichukia kwa hilo, lakini hakuweza kuuzuia. Alimgeukia. Ebenezer alikuwa amerudi mapema na mkate, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta pa kuanzia. Kama angesema neno moja, angemwelewa. Alikuwa tayari kumalizia mwenyewe yale mengine yote.

Ebenezer alisafisha koo, akatazama dirishani.

"Dorkasi ananituma," alisema. "Kizota kuna vumbi sana, spika zitaharibika. Anauliza kama utavitoa vile vitambaa. Yuko tayari kuvinunua."

Evelina aliondoa kiganja juu ya gurudumu. Kisha aliweka kitambaa sawa chini ya sindano, akarudisha miguu kwenye pedali, na cherehani ikaanza tena.